Siku ya kuvuka mpaka kutokea Kigoma: maneno ya stendi na ukweli wake

Wabeba mabegi ya mgongoni wanaopita Kigoma wapo wa aina mbili: wageni wanaozunguka Afrika kwa bajeti ndogo, na vijana wetu walioamua kwenda kuona Bujumbura kwa macho yao. Wote huchoshwa na mambo yale yale, na umbali haumo. Kutoka mjini hadi mpaka wa Manyovu ni kama kilomita 60 tu. Kinachomaliza siku ni kusubiri, na mara nyingi mtu anasubiri kwa sababu aliamini neno la mtu mwenye uhakika mwingi kuliko anachokijua.

"Sisi wote ni Afrika Mashariki, karatasi za nini?"

Hili linasemwa kwa moyo mkunjufu, na ndilo linalomfikisha mtu Manyovu akiwa ameshalipa nauli, kisha akageuzwa. Ni kweli Burundi iliingia kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Congo mwaka 2022. Ni kweli pia kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, inazungumzia watu kutembea kwa uhuru. Lakini uhuru huo unakwenda na hati halali ya safari. Walioruhusu raia wao kuvukiana kwa kitambulisho cha taifa ni Kenya, Uganda na Rwanda, na walikubaliana wenyewe kwa wenyewe. Tanzania haikuwamo. Kwa hiyo kadi ya NIDA itakutambulisha njiani, ila haikuvushi. Unahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari, na hiyo inaombwa Uhamiaji kabla ya siku ya safari. Usiiache mpaka asubuhi gari linapopiga honi.

Na mtu asikudanganye kwamba kuwa ndani ya Jumuiya kumefuta masharti yote ya Congo. Mjini Kigoma kuna ubalozi mdogo wa Congo na wa Burundi. Kuuliza hapo kunakugharimu nusu saa, tena bila jasho.

Wageni nao wana lao. Wengi hufika wakiwa na viza ya utalii ya Afrika Mashariki, ile moja ya siku 90, wakiamini inafungua milango yote ya ukanda huu. Inafungua mitatu: Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania na Burundi hazimo. Aliyeingia Tanzania kwa viza ya kuingia mara moja, akitaka kwenda Bujumbura wikiendi, aulize Uhamiaji kwanza kama viza hiyo itamrudisha.

"Mpaka ni sehemu moja, ukishapita umepita."

Laiti. Mkoa huu umepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996, na nyingine ilifunguliwa Nduta, Kibondo. Ndiyo maana barabara zetu zina vizuizi vya ukaguzi hata mahali ambapo mgeni hategemei. Gari linasimama, afisa anachungulia, vitambulisho vinatolewa. Begi likiwa juu ya keria ya gari na pasipoti ikiwa ndani ya begi, abiria wote watakusubiri ushuke ulifungue, na watakusemea maneno.

Kwa Waha, wenyeji wa mkoa huu, hili lina uchungu wa ziada. Kiha na Kirundi vinaelewana kwa karibu sana, kwa hiyo mwenyeji wa Buhigwe anaweza kuulizwa maswali ya uraia kilomita chache kutoka kwa mama yake, huku mgeni mwenye pasipoti ya mbali akipita na tabasamu. Sioni namna ya kulipamba jambo hilo. Beba kitambulisho mfukoni, hata kama unakwenda Kasulu tu.

Pia mpaka wenyewe una mihuri miwili: unagongewa wa kutoka Tanzania, kisha wa kuingia Burundi. Usishuke garini ukafuata wenye haraka ya kwenda sokoni. Wanakijiji wa pande zote mbili wana mazoea yao ya kuvuka, wewe mwenye begi huna. Asiye na muhuri wa kutoka ataulizwa siku anarudi, wakati ambapo amechoka zaidi na hela imekwisha.

"Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi, unakula chakula cha mchana Bujumbura."

Labda. Kwanza, gari dogo haliondoki kwa saa, linaondoka likijaa. "Bado wawili tu, kaka" ni sentensi inayoweza kuishi asubuhi nzima. Pili, magari yanayotoka mjini mengi yanaishia mpakani, na upande wa pili unaanza upya kusubiri gari lijae. Tatu, Burundi imepita miaka kadhaa ya uhaba wa petroli, na dereva akikwambia hana mafuta, usidhani anatafuta kukuongezea nauli. Inawezekana hana kweli.

Nne, Jumamosi. Asubuhi ya Jumamosi Burundi ni muda wa kazi za jamii, na magari husimama mpaka katikati ya asubuhi. Kijana aliyepanga kuvuka Jumamosi ili Jumapili apumzike amejichagulia siku mbaya kuliko zote.

Halafu kuna saa yenyewe. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja, kama ilivyo Zambia na mashariki ya Congo. Saa nne asubuhi Manyovu ni saa tatu Mugina, upande wa Burundi wa mpaka huo. Ukienda, unajiona umepewa saa ya bure. Balaa ni kurudi. Unaangalia simu ukiwa bado Burundi, pale Mabanda, inasema saa kumi jioni, unasema nina muda. Upande wa nyumbani imeshafika saa kumi na moja, na magari ya mwisho kwenda mjini hayakusubiri wewe. Simu nazo karibu na mpaka hukamata mnara wa huku mara wa kule, saa ikawa inaruka mbele na nyuma. Siku hiyo vaa saa ya mkononi na uiache kwenye saa za Tanzania.

"Kigoma, Bujumbura, Kigali: ramani inaonyesha njia imenyooka."

Ramani haionyeshi geti lililofungwa. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Kuzungukia Congo kupitia Uvira na Bukavu si jambo la kumshauri mtu. Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Anayetaka Kigali kutokea Kigoma na abaki ndani ya Tanzania: Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, kisha mpaka wa Rusumo. Kwenye ramani ni mzunguko unaochekesha. Kwenye maisha ndiyo njia fupi.

"Faranga utapata mpakani, bei nzuri."

Vijana wenye mafungu ya noti wapo, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba kubadilisha kwa asiye na leseni ni kosa, na bei ya benki na ya mtaani ya faranga ya Burundi zimeachana mbali kiasi kwamba mgeni hajui hata ashangae ipi. Anayehesabu haraka ndiye anayefaidi, na siye wewe uliyesimama juani na begi. Lipo na la noti zilizokufa: Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi iliondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, watu wakapewa siku chache tu za kuzirudisha. Kwa hiyo zile alizokuachia mjomba tangu safari yake ya zamani, mwachie aziweke kwenye albamu.

Kadi ya njano nayo ina uvumi wake. Wapo wanaoambiwa imekwisha kwa kuwa imepita miaka 10, wakachoma tena. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha maisha. Kinachobaki kuwa kweli ni siku 10: kwa anayechanja mara ya kwanza, cheti huanza kuhesabika baada ya siku hizo, kwa hiyo kuchanja leo usafiri kesho hakukusaidii. Na jambo dogo: Burundi magari yanapita kulia. Ukishuka, angalia pande zote kabla hujavuka.

"Kama nchi kavu inachosha, panda Liemba."

Ushauri huu unatolewa zaidi na vitabu vya wasafiri kuliko na watu wa Kigoma. Meli hiyo ya Ziwa Tanganyika ina historia ya kutosha: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1915, Wajerumani wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilikwenda hadi Mpulungu, Zambia. Lakini mwishoni mwa miaka ya 2010 ilisimama kwa ajili ya ukarabati, na wapo waliofika na mabegi yao wakiulizia siku ya kuondoka. Kabla ya kupanga lolote, ulizia bandarini kwenyewe. Na chombo chochote cha kwenda ng'ambo, Uhamiaji kwanza, kupanda baadaye. Ziwa halina kibanda katikati. Mwenye haraka ya Zambia apite Uvinza, Mpanda na Sumbawanga, avukie mpaka wa Kasesya kuelekea Mbala, na ahesabu kulala njiani.