Vipandikizi vidogo vya titani: kiini ndicho kinachobeba

Kwenye pakiti ya kipandikizi kidogo cha kupangia meno huwa kuna namba mbili zilizoandikwa kwa maandishi makubwa, kipenyo na urefu. 1.6 kwa 8, kwa mfano, zote milimita. Wengi wetu tunaagiza kwa kuangalia hizo. Namba ninayoitafuta mimi mara nyingi haimo: kipenyo cha kiini, yaani unene wa chuma ukiondoa miinuko ya uzi wa skrubu.

Kwa wasiovifahamu, vifaa hivi ni nanga. Ukitaka kurudisha nyuma meno ya mbele yaliyochomoza, kwa kawaida unayavuta kwa kushikilia magego, na magego nayo yanavutwa kuja mbele. Ni sawa na mtu aliye ndani ya mashua kuvuta kamba iliyofungwa kwenye mashua nyingine: zote mbili husogea. Kipandikizi kidogo huuhamishia mzigo huo kwenye mfupa wa taya. Kina kipenyo cha milimita 1.2 hadi 2 hivi na urefu wa 6 hadi 12, huwekwa kwa ganzi kidogo, mara nyingi kati ya mizizi ya meno mawili au kwenye kaakaa, na hufunguliwa kazi ikiisha. Gainsforth na Higley walijaribu wazo hili kwa mbwa mwaka 1945 na skrubu zao hazikudumu. Creekmore na Eklund walieleza kisa cha mgonjwa mwaka 1983, na mwaka 1997 Kanomi akaeleza skrubu ya titani ya milimita 1.2.

Nguvu inayovuta jino ni ndogo, kwa kawaida haizidi gramu 300. Hiyo haivunji titani. Kinachoivunja ni mkono wa daktari, wakati wa kuingiza skrubu au wakati wa kuitoa, kwa sababu hapo chuma kinasokotwa. Na uwezo wa kuhimili msokoto hupanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Chukua skrubu mbili zenye 1.6 kwa nje: moja ina kiini cha 1.2, nyingine uzi wake umechimbwa zaidi na kiini kimebaki 1.0. Pakiti zinafanana, lakini ya kwanza inahimili msokoto takriban mara 1.7 ya mwenzake.

Si kwamba uzi wa kina ni ubaya. Kwenye mfupa laini ndio unaoshika. Ndiyo maana napendelea umbo la koni, ambalo kiini chake ni chembamba nchani na kinanenepa kuelekea shingoni, mahali mfupa mgumu wa nje ulipo. Gharama yake ni kwamba koni hubana. Motoyoshi na wenzake walipendekeza mwaka 2006 msokoto wa kuingizia uwe nyutoni-sentimita (kipimo cha nguvu ya kusokota) 5 hadi 10. Ukizidisha sana, mfupa unaobanwa hufa, na skrubu iliyoingia kwa kiburi siku ya kwanza inaanza kucheza wiki chache baadaye. Taya la chini lina mfupa mnene, kwa hiyo huko natangulia kutoboa hata kama pakiti inadai skrubu inajitoboea yenyewe. Natoboa taratibu, kwa maji, maana nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu zinatosha kuudhuru mfupa.

Kuhusu chuma chenyewe, vipandikizi vya kubeba jino bandia mara nyingi ni titani safi, ambayo mfupa huishikilia na kuikumbatia maisha. Kwetu sisi sifa hiyo ni kero, kwani skrubu lazima itoke. Tunatumia aloi, yaani titani iliyochanganywa na alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, na uso wake unaachwa laini. Aloi hiyo pia ina nguvu zaidi: titani safi ya daraja la 4 inatakiwa kustahimili mvuto wa megapaskali (kipimo cha mkazo) 550 angalau, aloi inapita 800. Cheti kikitaja ASTM F136, kiwango cha Marekani cha aloi hii kwa vipandikizi, oksijeni yake haizidi asilimia 0.13, na hilo huifanya isiwe rahisi kukatika ghafla. Zipo pia skrubu za chuma kisichoshika kutu, kwa kawaida nene zaidi, na zinafanya kazi. Rangi za kuvutia vichwani, dhahabu au buluu, si kipimo cha ubora wala si rangi ya kupaka. Ni unene wa tabaka la oksidi unaocheza na mwanga.

Ninachokikagua kwa lenzi ni ncha na shingo. Ncha butu, au yenye mabaki ya chuma yaliyoachwa na mashine, inakulazimisha usukume kwa nguvu, na mkono unapotetereka tundu linapanuka. Shingoni, pale uzi unapokoma, kona kali hukusanya mkazo na ufa huanzia hapo. Nataka mpito wenye mviringo. Tundu la kupitishia waya likikaa chini mno linapunguza chuma pale pale kinapohitajika. Sehemu inayopita kwenye fizi iwe imesuguliwa ikang'aa, la sivyo uchafu unashika na fizi inavimba. Skrubu iliyokwisha kutumika siirudishi mdomoni mwa mtu mwingine, hata ikichemshwa vipi.

Hata hivyo, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 13.5 ya vipandikizi hivi vikishindwa, na vingi hulegea tu bila kuvunjika. Skrubu iliyogusa mzizi wa jino ina hatari kubwa zaidi, iwe ya aloi gani. Liou na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba baadhi huegemea upande zinapovutwa, hadi milimita 1.5, bila kulegea. Ndiyo maana wao walishauri kuacha milimita 2 kati ya skrubu na mzizi. Nafasi hiyo ikikosekana kwenye picha ya eksirei, nahamia kwenye kaakaa.