Kisima na Choo Katika Ardhi ya Matumbawe

Hapa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Bamburi na Shanzu, nyumba nyingi bado zinategemea kisima, maana maji ya mfereji yakija leo, kesho hayaji. Tatizo ni mwamba tunaouchimba. Haya ni matumbawe ya kale, yamejaa matundu na nyufa. Kwenye udongo, maji ya choo huchujwa polepole. Hapa yakipata ufa hutiririka moja kwa moja hadi kisimani. Kuacha mita 30 kati ya choo na kisima ni jambo jema, lakini kwenye mwamba wa aina hii si kinga kamili. Maji yatakuwa maangavu, hayana harufu, kumbe yamebeba vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo.

Ndiyo maana sisi wa afya ya umma tukiitwa kwa habari ya maji, huuliza kwanza choo kiko wapi. Shimo lisichimbwe likagonga maji. Pale maji yalipo karibu, inua choo juu ya msingi, au jenga tangi lisilovuja linyonywe na gari la majitaka. Ni gharama, najua, ila kulaza mtoto hospitalini kwa kuhara ni gharama pia.

Maji ya kunywa tuyatafute juu. Mombasa hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, nyingi wakati wa masika. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa la mabati la mita 40 za mraba, hata ukitoa yanayopotea, hukupa kama lita 30,000, yaani mitungi 1,500 ya lita 20. Mvua ya kwanza iache imwagike: inaosha vumbi na kinyesi cha kunguru. Tangi lifunikwe kwa wavu, mbu wa homa ya dengi wasizaliane. Kisha chemsha, au jaza chupa angavu za plastiki uzianike kwa saa sita za jua kali. Kukiwa na mawingu, siku mbili.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe. Gunia la udongo na samadi karibu na jiko linatosha kwa mboga za majani kama mchicha, mnavu na mtsunga. Mwagilia shinani, si majanini. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi yataunguza miche.

Na kabla hujamlipa mchimbaji, mwite afisa wa afya ya umma wa wadi yako apime mahali, na maji yakipatikana yapelekwe maabara.