Betri ya laptopu haihitaji kuishiwa ndipo uichaji

Madukani Kampala bado utaambiwa uache betri iishe hadi 0% ndipo uchomeke chaja. Ushauri huo ulizifaa betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Za leo ni za lithiamu, na kuzimaliza kabisa kila mara ndiko kunakozichosha. Chomeka ikifika 20% hivi, chomoa kwenye 80%. Kama mipangilio ina kikomo cha chaji, kiwashe. Ukihofia umeme kukatika, jaza 100%, hakuna ubaya, mradi isikae hivyo siku nzima ikiwa ya moto. Joto ndilo baya zaidi: ukiiweka laptopu juu ya godoro, matundu ya hewa huziba. Ya kukaa kabatini miezi? Iache na 50%, imezimwa.