Mtoto kuzaliwa bila fuvu kamili: je, mama alirogwa?

Wengi huamini kwamba mtoto akizaliwa bila sehemu ya juu ya fuvu na ubongo, hali iitwayo anensefali, mama alirogwa au alitazama kitu kibaya akiwa mjamzito.

Mrija unaojenga ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku 28 tangu mimba kutungwa. Ukibaki wazi kichwani, fuvu haliumbiki. Hesabu mwenyewe: siku hizo mama wengi hata hawajajua wana mimba, sembuse jirani.

Upungufu wa asidi ya foliki, aina ya vitamini B, huongeza hatari. Mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya kushika mimba, huipunguza. Soma pakiti ya unga nyumbani uone kama umeongezewa asidi hiyo, muulize mkunga. Aliyewahi kupata mtoto hivyo amuone daktari mapema, maana huhitaji dozi kubwa zaidi.