Petroli inachacha, msiilaumu plagi

Hapa Malindi kila masika ikianza utasikia mtu anavuta kamba ya mashine ya kukata nyasi mpaka bega linamuuma, haiwaki, basi anaambiwa nunua plagi mpya (kile kidude kinachotoa cheche ya kuwasha injini), maana tumekua tukiamini petroli haichachi. Inachacha jamani. Ikikaa kwenye tangi mwezi na zaidi, na joto letu hili, ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka inapaa hewani, inayobaki inakuwa kama gundi na kuziba kile kitundu kidogo cha kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini.

Juzi tulifungua mashine ya jirani kule Casuarina, bakuli la kabureta lina utando rangi ya chai kavu, unanuka kama vanishi. Plagi nzima, tena kavu kabisa (hapo ndo ujue mafuta hayafiki). Tukasafisha, tukatia petroli mpya, mvuto wa pili ikanguruma.

Kwa hiyo kabla hujaiweka stoo, iwashe uiache mpaka izime yenyewe kwa kukosa mafuta. Oili nayo badilisha hata kama haijapungua, ikiwa nyeusi tii imechoka. Na ukitaka kugusa kisu, chomoa kwanza waya wa plagi, hilo sibembelezi mtu.