Acheni kona moja ya shule bila kufagiliwa

Shule nyingi za msingi hufagiliwa uwanja mzima kila asubuhi kabla ya kengele. Uwanja unapendeza, lakini majani makavu ndiyo chakula na maficho ya jongoo, konokono na wadudu wa ardhini. Yakishachomwa jalalani, ndege na mijusi wanaokula wadudu hao hawana cha kufuata. Kazi ya kwanza ya kurudisha viumbe shuleni, basi, haihitaji hata mche mmoja: tengeni kona ya mita 5 kwa 10 isiyoguswa na ufagio.

Iwe mbali na madarasa na vyoo, mita 15 hivi, na kuizunguka muache ukanda wa mita moja unaofagiliwa kila siku. Ukanda huo ni kwa sababu ya nyoka: kwenye ardhi tupu mtoto humwona mapema, na mzazi mwenye wasiwasi naye anaona kwamba jambo limefikiriwa. Wekeni humo magogo mawili matatu, yasiegemee jengo, maana mchwa watapata njia ya kufika kwenye mbao za paa. Gogo halifunuliwi kwa kuingiza vidole chini yake. Mwalimu hulivuta kwa jembe la mpini mrefu kuelekea upande wake, ili libaki kati yake na kilichojificha, nacho kipate njia ya kutokea upande wa pili. Wanafunzi wasimame nyuma yake. Mkimaliza kutazama, lirudishwe taratibu lilipokuwa.

Kwa vipepeo, maua peke yake hayatoshi. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hunywa mbochi wa maua mengi, lakini mayai huyataga kwenye majani ya michungwa, milimau na mindimu. Pandeni mindimu miwili mwanzoni mwa masika. Kiwavi akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani. Mguse kidogo kwa kijiti: nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali. Hapo somo la kujikinga na maadui limejifundisha. Miti hiyo isipuliziwe dawa, na darasa linalotunza bustani liambiwe mapema, la sivyo viwavi watauawa kwa nia njema.

Kwa uzio, msipande minyaa shuleni. Utomvu wake ukiingia jichoni unaumiza vibaya. Michongoma ni bora zaidi: miba yake huzuia mbuzi, na ndege hujificha ndani.

Bwawa silipendekezi pale ambapo hakuna mtu wa kulitunza kila siku. Sahani pana ya udongo yenye maji ya kina cha sentimita 5 na jiwe katikati inatosha, iwe mita mbili kutoka vichakani ili paka asiwavizie ndege wanaokuja kunywa. Kwenye joto, yai la mbu laweza kuwa mbu kamili kwa takriban wiki moja, kwa hiyo maji yamwagwe kila asubuhi, sahani isuguliwe kwa brashi, na Ijumaa ifunikwe juu chini.

Kona ikikaa muhula mmoja, ipimeni. Kateni kamba ya mita 4, ifungeni kwenye vijiti vinne kupata mraba wa mita moja, kisha kikundi kihesabu aina za viumbe kwa dakika 10 ndani ya kona, halafu mahali panapofagiliwa. Kwa wadudu wanaotembea usiku, tegeni mtego: fukieni kikombe cha plastiki kilichotobolewa chini kwa sindano ili mvua isiwazamishe. Mdomo wake ulingane kabisa na udongo. Ukijitokeza hata kidogo, mdudu huuzunguka na kwenda zake. Kifunikeni kwa kibao kilichoinuliwa juu ya vijiwe. Kikaguliwe asubuhi kabla jua halijakuwa kali, kwani mkichelewa, siafu au sisimizi watakuwa wameshakula waliomo. Siku za Jumamosi na Jumapili, na likizo nzima, kikombe king'olewe na shimo lifukiwe.