Usingizi wa mtoto si uvivu

Katika nyumba nyingi za Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Buhongwa, mtoto hulala pale wakubwa wanapozima taa, si pale mwili wake unapohitaji. Desturi hiyo inalindwa na dhana kadhaa, na iliyoota mizizi kuliko zote ni ile isemayo kwamba mtoto anayelala sana anazoezwa uvivu.

Ukweli ni kwamba usingizi ni kazi. Homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi mtoto akiwa katika usingizi mzito, hasa saa za mwanzo za usiku, na ubongo huyapanga na kuyahifadhi aliyojifunza mchana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza saa 10 hadi 13 kwa siku kwa mtoto wa miaka 3 hadi 4, usingizi wa mchana ukiwamo; wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani, mwaka 2016, walipendekeza saa 9 hadi 12 kwa wenye miaka 6 hadi 12. Kwa hesabu hiyo, mwanafunzi wa darasa la pili anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi daladala anatakiwa awe amelala ifikapo saa mbili usiku, wakati ambapo taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza na ugali kwa wengi wetu bado uko jikoni.

Dhana nyingine ni kwamba mtoto anayerukaruka usiku hana usingizi. Niliwahi kumwona mtoto wa miaka 4 huko Kirumba, saa nne usiku, televisheni ikiwaka, akipanda na kushuka kochi, kisha akaangua kilio kwa sababu alipewa kikombe kisicho chake. Mama yake alisema ni utundu. Alipolazwa chumbani gizani, dakika kumi hazikuisha. Mtoto mdogo aliyechoka kupita kiasi mara nyingi hasinzii kama mtu mzima, bali huchachamaa na kununa.

Kufidia usingizi Jumamosi pia hakutoshi, kwa maana somo la Jumanne lilikwisha kumpita akiwa amelalia daftari.

Wapo wanaomlaza mtoto bila neti wakidai kwamba joto litamkosesha usingizi. Huku kandokando ya ziwa, ambako malaria ipo na mbu wake huuma zaidi usiku, anayemkosesha usingizi ni mbu huyo, na baadaye homa. Dirisha lenye wavu lifunguliwe hewa iingie, neti ichomekwe chini ya godoro, na televisheni izimwe kabla hajaanza kupanda kochi.